Historia ya Kocha Fidelis Rwegoshora, wa Starozavodsk na wa Bladensburg

Baba Paroko, ndugu wa damu na ndugu tuliokutana huku ugenini, majirani, wafanyakazi wenzake, nanyi wachezaji wa Sava mliokaa safu za mbele na jezi zenu, mimi ni Domina, mdogo wake marehemu niliyefuatana naye ziwa, ninayeishi Rockville na kufanya kazi ya kutunza wazee, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yetu. Sehemu kubwa ya haya aliniambia mwenyewe, kati ya Januari na Mei mwaka huu, yeye akiwa kitandani na mimi nikiandika, na juzi nilipomwonyesha wifi yangu Lorraine karatasi hizi na kumuuliza kama kuna mahali pa kuruka, kwa kuwa watoto watakuwepo, alinijibu, "Wifi, soma yote. Ukiruka hata mstari mmoja, nitasimama hapo mbele niumalizie mimi." Kwa hiyo nitasoma yote, na ninyi vijana mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, leo msijibu, sikilizeni tu.

Marehemu Fidelis Rwegoshora alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, Kamachumu, ambako leo ni wilaya ya Muleba, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Tadeo Rwegoshora na Mama Eustokia Kokugonza, wote wamekwisha kutangulia. Alianza darasa la kwanza Januari 1977, na alikuwa darasa la pili vita vilipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, watu wa ng'ambo ya mto wakaja kwetu na magodoro vichwani, wakalala madarasani, na masomo yakasimama. Baba aliondoka na mgambo mwezi Novemba, akarudi Julai mwaka uliofuata akiwa na risasi kwenye nyonga, na hadi anafariki mwaka 1994 hakutuambia alichokiona huko wala alichokifanya, ila tulijua kuwa hawezi kukaa mahali mbuzi anapochinjwa. Kaka alisoma Sekondari ya Ihungo kuanzia mwaka 1984, akamaliza kidato cha sita Mei 1990, akatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kambi ya Oljoro mwaka mmoja, na tarehe 19 Septemba 1991 akatua Moscow kwa ufadhili wa Umoja wa Kisovieti, nchi ambayo miezi mitatu baadaye haikuwepo tena.

Alijifunza Kirusi mwaka mmoja huko Voronezh, na Septemba 1992 akapelekwa chuo cha uhandisi wa vyuma katika mji wa Starozavodsk, mwendo wa saa tisa kwa treni kutoka Moscow, mji wenye mto mmoja, kiwanda kimoja na timu moja ya mpira. Posho ya ufadhili ilikuwa imekatika, katika bweni lao walikuwa wakila kabichi asubuhi na kabichi jioni, hivyo aliposikia kuwa mchezaji wa timu anapewa chakula cha mchana chenye nyama, akaenda kufanya majaribio akiwa na viatu vya kuazima, akachukuliwa kama beki wa kulia.

Timu hiyo iliitwa Kuznets, maana yake mhunzi, na kaka alitaka historia yake isomwe pamoja na ya kwake, kwa kuwa alisema hawezi kuzitenganisha. Ilianzishwa na wafua chuma wa kiwanda mwaka 1937, ikacheza karibu maisha yake yote katika madaraja ya chini, ilipanda mara moja tu, mwaka 1968, ikashuka msimu uliofuata. Mwaka 1942 wachezaji wake ishirini na wawili walipelekwa vitani pamoja, wakarudi wanne, na uwanja ukapandwa viazi hadi vita vilipoisha. Fahari yake ilikuwa akademi ya watoto, iliyofunguliwa mwaka 1961 katika nyumba ya mbao nyuma ya goli la kaskazini na fundi mmoja wa kuyeyusha chuma aliyepoteza vidole vitatu kiwandani, jina lake Gennadi Savelyev, ambaye hakuwahi kuoa, na watoto wa mji mzima walimwita babu.

Kaka aliwekwa uwanjani kwa mara ya kwanza Aprili 1993, na mashabiki wa timu yake mwenyewe wakamrushia maganda ya ndizi, akayaokota, akayaweka pembeni, akaendelea kucheza. Tarehe 22 Oktoba 1994 walirudi kutoka mechi ya ugenini waliyoshinda, na kwenye stesheni walikuwa wanangojwa na vijana wapatao kumi na watano walionyoa vichwa, waliomvuta kaka peke yake nyuma ya kibanda cha tiketi, wakampiga kwa minyororo, wakamvunja taya sehemu mbili na mbavu mbili, hadi wenzake waliporuka kutoka kwenye behewa wakiwa wameshika viatu vya njumu mikononi na kuwachana nyuso. Alikunywa mchuzi kwa mrija wiki sita. Baba alifariki katika wiki hizo, barua ikamfikia akiwa amefungwa waya mdomoni, na aliniambia kuwa alijaribu kulia akashindwa, kwa sababu kulia nako kunahitaji taya.

Mwaka 1995 tanuri za kiwanda zilizimwa, na mji ukabaki mikononi mwa watu wenye magari meusi. Mkurugenzi wa timu, Bwana Oleg Baranov, alipigwa risasi mlangoni kwake tarehe 3 Oktoba mwaka huo, saa mbili asubuhi, akiwa ametoka kununua maziwa, na waliosimama nyuma ya kifo hicho walitaka jambo moja, kiwanja cha Kuznets, wajenge soko. Kaka alihitimu uhandisi Juni 1997 katika mji ambao haukuwa tena na kazi ya uhandisi, na goti lake lilikuwa limekwisha kuharibika mwaka mmoja kabla, hivyo Mzee Gennadi alikuwa amemkabidhi vijana wa chini ya miaka kumi na sita, na ndivyo kaka yetu alivyokuwa kocha.

Katika vijana hao alikuwepo winga wa kushoto aitwaye Artyom Zuev, mtoto wa mjane, mwenye mbio na hasira, aliyekuwa akikaa uwanjani baada ya wenzake kuondoka ili afundishwe krosi. Tarehe 2 Juni 1997 Artyom alimpiga mwenzake kichwa wakati wa mazoezi, akamvunja pua, na haikuwa mara ya kwanza, kaka akamwambia mbele ya wote, "Chukua mkoba wako, hapa huna nafasi tena." Mzee Gennadi alimwita kaka pembeni na kumuuliza, "Ukimtoa hapa, unafikiri ataenda wapi?" Kaka akajibu, "Hilo si juu yangu." Aliyarudia maneno hayo mara mbili nilipokuwa nikiandika, kusudi nisiyakosee.

Jumamosi tarehe 3 Aprili 1999, ambayo kwa sisi Wakatoliki ilikuwa Jumamosi Kuu, saa nne asubuhi, theluji bado ikiwa pembezoni mwa uwanja, lilikuja tingatinga, na nyuma yake wanaume kama ishirini wenye nondo. Wazazi walikuwa wamepata fununu, akina mama na akina baba kama sitini wakashikana mikono langoni, na watoto wa chini ya miaka kumi na mbili, waliokuwa wamekuja mazoezini, wakafungiwa ndani ya nyumba ya mbao. Mzee Gennadi, mwenye miaka sabini na moja, alisimama mbele ya tingatinga akavua kofia, akasema, "Nendeni nyumbani, wengine wenu nimewalea mimi," na mtu mmoja akampiga nondo kichwani, akaanguka, na hakuamka tena hadi alipofariki hospitalini siku ya pili yake.

Hapo mstari ulivunjika. Akina mama walipigwa mikononi ili waachiane, baba mmoja alipondwa goti, mwingine akatolewa jicho, na kaka akachukua koleo la kuzolea theluji, akaingia katikati, akapiga alioweza kuwapiga, na aliniambia kuwa hakuogopa hata kidogo, alijisikia mwepesi, na kwamba wepesi ule ndio uliomtisha maisha yake yote. Kisha akaona mmoja wao amewazunguka wote na anakimbilia nyumba ya mbao, mkononi ana chupa ya petroli yenye utambi unaowaka, kofia imemfunika uso, na ndani watoto wanapiga kelele, akamkimbilia, akamfikia hatua chache kabla ya mlango, akampiga koleo shingoni. Chupa ilianguka kwenye theluji ikazimika. Yule mtu alipiga magoti, kofia ikamtoka, akageuza uso, na alikuwa Artyom, umri miaka kumi na minane.

Hapa kaka aliniambia niandike pole pole. Artyom alimtazama, akasema neno moja, "Kocha." Hakuwa na kitu tena mikononi. Na kaka akainua koleo akampiga mara ya pili, kichwani.

"Pigo la kwanza lilikuwa la watoto," aliniambia. "La pili lilikuwa langu. La ndizi, la taya, la babu Gennadi, yote nikamlipiza yeye. Andika hivyo, Domina."

Alikaa mahabusu miezi kumi na moja. Mjini kote alikuwa shujaa, kifo cha Mzee Gennadi kiliandikwa magazetini hadi Moscow, wenye magari meusi wakaachana na kiwanja, na mashabiki wale wale wa maganda ya ndizi walikuja nje ya gereza siku za mechi kuimba jina lake. Daktari wa mahakama aliandika kwamba jeraha la pili lilitokana na marehemu kuanguka kwenye ukingo wa saruji. Hakimu alipomuuliza kaka alipiga mara ngapi, alisema, "Mara moja," na tarehe 17 Machi 2000 akaachiwa huru kwa kuwa alitetea maisha ya watoto. Kwenye korido mama yake Artyom, Bi Nina Zueva, alimsogelea akamuuliza jambo moja tu, "Alisema nini mwanangu?" Kaka akamjibu, "Hakusema kitu."

Kuznets iliendelea kuishi, nyumba ya mbao ikaitwa jina la Gennadi Savelyev, lakini kaka hakuweza kukaa katika mji ambao watu walimpigia makofi kila alipoingia dukani, hivyo alijaza fomu za bahati nasibu ya viza ya Marekani, akabahatika, na tarehe 9 Agosti 2001 alifika Alexandria, Virginia, akapanga chumba upande wa magharibi wa mji, akapata kazi ya kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Mwaka 2004 alihamia Bladensburg na kuajiriwa kama fundi wa kuchomelea katika karakana ya vyuma, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Tuliofika huku baada yake tulimwona mtu mkimya, mkarimu, anayetoka sebuleni kila mpira unapowashwa kwenye televisheni, tukadhani ni goti linamuuma.

Alifunga ndoa takatifu na Bi Lorraine Chepkoech, muuguzi, binti wa Bomet nchini Kenya, tarehe 28 Mei 2005, huko Rockville, nao wakajaliwa watoto wawili, Anitha aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 2006, na Ethan aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2009. Ni Anitha aliyemrudisha uwanjani, kwa kuwa mwaka 2012, akiwa na miaka sita, aliandikishwa katika timu ya mtaa ambayo kocha wake hakutokea wiki tatu mfululizo, akina mama wakabaki wamesimama na watoto ishirini kwenye nyasi, wa Kikongo, wa Kikenya, wa Kisalvador, na kaka, aliyekuwa amekaa garini kwa visingizio vyake, akashuka akawapanga mistari miwili. Hakukaa tena garini wakati wa mazoezi kwa miaka kumi na miwili. Timu ikaitwa Sava, kifupi cha Savelyev, ingawa hatukujua, Watanzania tulidhani ni neno "sawa" lililotamkwa vibaya, na ilikuwa na kanuni moja ambayo wazazi wengi waliipinga, kwamba hakuna mtoto wa kufukuzwa, apigane, atukane, aibe, atakaa benchi mwaka mzima lakini benchi hilo litakuwa la Sava.

Tarehe 21 Septemba 2019, siku ya Jumamosi, Sava walicheza na timu ya ng'ambo ya mto Anacostia, na katika kipindi cha pili baba wa mchezaji mmoja wa wageni alimtukana mtoto wa ndugu yetu Ndirangu, ambaye yuko hapa na amenipa ruhusa nimtaje. Ndirangu, dereva wa teksi, mtu tuliyemjua kwa utani wake, alimsogelea, yule mtu akamtemea mate usoni, na Ndirangu akaenda kwenye gari lake, akarudi na bastola. Wazazi walilala chini, watoto wakakimbilia goli la mbali, na kaka akatembea, bila kukimbia, akasimama kati ya bastola na yule mgeni.

"Ndirangu, weka chini hicho."

"Kocha, toka hapo. Huyu jamaa amenitemea mate mbele ya mtoto wangu. Leo ni leo."

"Umewahi kuua mtu?"

"Nimesema toka!"

"Mimi nimewahi. Kijana wa miaka kumi na minane, niliyemfundisha mpira mwenyewe, kwenye uwanja kama huu. Kesho utaamka, utapiga mswaki, utakunywa chai, na yeye atakuwa bado amekufa. Kesho kutwa tena. Miaka ishirini sasa, Ndirangu, na bado amekufa."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, na nusu ya uwanja ilimsikia, mkewe na watoto wake wakiwemo. Mkono wa Ndirangu ulianza kushuka. Yule mgeni, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliona bastola inashuka akaona ndiyo nafasi yake, akajirusha, wakakamatana, na Ndirangu akaivuta, mkono wake ukajichomoa, akamwelekezea yule mtu makusudi, akafyatua. Risasi haikumpata yule mtu, ilimpata kaka kwenye paja, ikatokea nyuma, ikaukosa mfupa kwa upana wa kidole. Damu iliruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Anitha, miaka kumi na mitatu, alivua jezi yake akabaki na fulana, akaifunga juu ya jeraha, akakaza kwa meno, na daktari alisema baadaye kuwa bila fundo lile asingefika hospitali akiwa hai.

Usiku ule ule hakuna aliyelala, lakini maneno ninayotaka kuwaambia yalisemwa kesho yake mchana, wodini, nilipokuwa nimekaa upande wa miguu ya kaka. Lorraine aliingia bado na viatu vya kazini, akasimama, akasema, "Fidelis, miaka kumi na nne nimelala kando yako, halafu hii kitu naisikia uwanjani pamoja na watu sijui hata majina yao?"

Kaka akasema, "Ningekuambia, ningeanza na nini?"

"Ungeanza na jina lake."

"Artyom."

"Haya. Sasa anza."

Alimweleza hadi jua likazama, ila hakumweleza pigo la pili. Lorraine aliondoka nyumbani wiki saba, akakaa kwangu Rockville na watoto, akapika, akaenda kazini, hakusema neno baya juu yake, na tarehe 12 Novemba akafungasha akarudi Bladensburg, na nilipomuuliza amesamehe nini, akaniambia, "Sijasamehe kitu. Nimechoka tu kumkasirikia nikiwa mbali."

Kesi ya Ndirangu ilisikilizwa Februari 2020, na kabla yake mkewe, Edna, alikuja kwa kaka akapiga magoti kwenye zulia, akasema, "Kocha, sema tu walikuwa wananyang'anyana, ikajifyatua. Wewe ndiye uliumia, watakuamini." Kaka alimwinua, akamkalisha, akamwambia, "Nilishasema uongo mahakamani mara moja, Edna. Nimeubeba, najua uzito wake, siwezi kukubebesha na wewe." Akasimama kizimbani akasema alichokiona, kwamba mkono ulikuwa umejinasua na kwamba ulielekezwa, na Ndirangu akafungwa miezi kumi na minane. Edna hakumsalimia kaka muda wote huo, na watoto wao wawili hawakukosa mazoezi hata siku moja, kwa sababu kaka aliwafuata mlangoni mwenyewe, akipiga honi, akisubiri, akiwarudisha, bila kukaribishwa ndani.

Ndugu waombolezaji, marehemu alianza kuumwa tumbo Oktoba 2024, na tarehe 11 Novemba akagundulika kuwa na saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea kwenye ini, akafanyiwa upasuaji mwezi Desemba, akapewa dawa za saratani awamu nne, akaikataa ya tano. Ni katika siku hizo alipotueleza pigo la pili, kwanza Lorraine, kisha mimi, kisha Anitha na Ethan pamoja. Ethan, ambaye ana miaka kumi na sita, alitoka nje akapiga ngumi mlango wa gari hadi ukabonyea, akarudi ndani mkono unavuja damu, baba yake akamfunga bendeji.

Tarehe 8 Februari mwaka huu alirekodi ujumbe wa sauti kwa Kirusi, dakika kumi na moja, akamtumia mchezaji mwenzake wa zamani, Slava, ambaye leo ndiye mkuu wa akademi ya Kuznets, ili aupeleke kwa Bi Nina Zueva. Slava alikuwa amekwisha kumwambia kuwa timu bado iko daraja la chini, akademi ina watoto mia mbili, na kwamba kwenye ukuta wa ile nyumba ya mbao, kando ya majina ya wale kumi na wanane wa 1942, yameongezwa majina ya vijana tisa waliokulia hapo na kufia vitani tangu mwaka 2022, wawili kati yao wakiwa miongoni mwa wale watoto waliofungiwa ndani siku ya tingatinga. Kaka aliposikia hilo alisema, "Tuliwatoa kwenye moto, ili waje wapelekwe kwenye moto."

Jibu la Bi Nina lilikuja baada ya siku kumi na tisa, limeandikwa kwa mkono na kupigwa picha, kaka akanitafsiria neno kwa neno, nami nalisoma kama alivyonitajia.

"Fidelis, mwili wa mwanangu niliuosha mimi. Nilijua yalikuwa mapigo mawili, saruji haimpasui mtu namna ile. Nimengoja miaka ishirini na sita mtu aseme. Sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe. Lakini uliniambia hakusema kitu, nami nikaishi nikijua mwanangu alikufa kama mnyama, bila neno. Sasa ninalo neno lake. Alikuita kama mtoto anavyoita. Usiniandikie tena."

Hakumwandikia tena. Aliniomba nimsomee tafsiri hiyo mara mbili, akageukia ukutani, akalia kilio ambacho sikuwahi kumsikia kaka yangu akilia, hata tulipokuwa watoto.

Marehemu alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, katika hospitali hapa Maryland, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia, Anitha wa kushoto, Ethan amekaa sakafuni ameegemea kitanda, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Ameacha mjane, watoto wawili, ndugu sita, na watoto mia moja na arobaini na tatu ambao majina yao yapo katika daftari la Sava, hakuna hata moja lililokatwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa dada Bridget wa zamu ya asubuhi, aliyekuwa akimnyoa ndevu bila kuombwa, pamoja na mafundi wa karakana waliogawana kazi zake miezi saba ili asiondolewe kazini, na majirani wa jengo lake la Bladensburg, nanyi akina mama wa Kikongo mliopika tangu Ijumaa ile hadi leo na kutukatalia kuosha hata sufuria moja. Tunamshukuru Baba Paroko aliyekuja kumsikiliza kila Alhamisi, na jumuiya yetu. Tunawashukuru Ndirangu na Edna, ambao Aprili iliyopita walikuja na kukaa kitandani kwake mchana mzima, na sijui walichoongea, mlango ulikuwa umefungwa. Tunawashukuru wote ambao muda hautoshi kuwataja.

Kaka aliniomba nisiseme mbele yenu kwamba alikuwa mtu wa amani, alisema, "Domina, usinipake rangi, waliokuwepo wanajua," nami nimetii hadi mstari huu, sijasema. Ila, kaka, kukuombea hukunikataza. Amani ambayo hukuwahi kuwa nayo mikononi, Mungu aliyeona mapigo yote mawili akupe yeye, kaka yangu, mwana wa Tadeo, na upumzike ndani yake.